Ilani ya Ukutani: Shajara ya Mradi wa Maji, Kaptembwo, Nakuru

6 Januari

Binti yangu ameota meno mawili ya mbele ya juu. Ya utoto yalitoka Oktoba, tukangoja, na sasa mapya yamejitokeza nusu. Leo asubuhi nilimshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango, nikamwambia apanue mdomo. Meno yana mistari myeupe ya kulala, kama mtu amepitisha chaki juu yake. Naijua mistari hiyo. Yangu yalianza hivyohivyo, na nilipofika darasa la sita yalikuwa ya kahawia. Sasa nina miaka 38 na bado nikitaka kucheka mkono hufika mdomoni kabla ya kicheko.

Na maji hayo nayauza mimi. Huu ni mwaka wa tano nina kibanda cha maji hapa Kaptembwo, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5. Yanakuja kwa bomba kutoka kisima kirefu cha mtu binafsi, mtaa wa pili. Wateja huyaita maji ya chumvi, na wengi husema chumvi ndiyo huharibu meno. Chumvi haina kosa. Tatizo ni floraidi, na hiyo huwezi kuionja, kuinusa wala kuiona. Sisi tumekaa juu ya mawe ya volkano. Ukisimama kibandani kwangu volkano ya Menengai unaiona. Maji yakikaa chini kwenye mawe hayo miaka na miaka huyeyusha floraidi na kuja nayo juu. Kidogo chake husaidia meno. Kikizidi, jino la mtoto linaloumbika ndani ya ufizi hutoka na dosari, na dosari hiyo haisuguliki kwa mswaki wowote.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Nataka kuandika ilani, ya mtu mmoja, niseme ninachokiamini kuhusu maji haya na nitakalolifanya. Halafu nitakuwa naandika hapa kama nimelifanya au sijalifanya.

Jina nimelifikiria sana. Manifesto, kwetu hapa, ni kile kijitabu cha chama wakati wa kampeni. Azimio ni neno zuri, lakini tangu muungano wa kisiasa ulipolichukua kuwa jina lake, ukilitaja sokoni mtu anakuuliza uko upande gani. Ilani kila mtu anaijua, kwa sababu imeandikwa kwenye kuta na mageti ya mji mzima kwa rangi nyekundu: ILANI, ploti hii haiuzwi. ILANI, mbwa mkali. Nimechagua hilo. Ni neno la ukutani, na watu huliamini.

11 Januari

Rasimu ya kwanza imekwisha, sentensi kumi na nne. Niliandika usiku baada ya kufunga, na nikiri nililia kidogo nilipofika ya tisa, ile inayohusu picha ya darasa la binti yangu. Mwaka jana shuleni walipigwa picha, watoto arobaini na zaidi, na karibu wale wakubwa wote wamefumba midomo. Hakuna aliyewaambia wafumbe.

Jioni nikampelekea Mwalimu. Ni mzee wa ploti yetu, alifundisha Kiswahili hadi alipostaafu, na yeye ndiye husomea watu barua za mahakama na za mashamba. Akavaa miwani, akasoma polepole na kalamu mkononi. Nilidhani anasahihisha tahajia. Aliponirudishia, kando ya kila sentensi kulikuwa na neno moja tu: Nani?

“Watoto wetu walindwe.” Nani? “Haki ya maji safi iheshimiwe.” Nani? “Viongozi wawajibike.” Nani? Na ile ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeipigia mstari kwa fahari, “Tunaomba serikali iingilie kati,” hakuandika kitu. Aliikata.

“Hii tunaisema kwenye redio kila siku, mwanangu,” akaniambia. “Vitenzi vyako vyote havina mwenyewe. Hebu nenda ukatafute ‘ni’ moja mwanzoni mwa kitenzi. Moja tu.”

Nilitafuta mbele yake. Hakukuwa na hata moja. Nimeandika sentensi kumi na nne za maisha yangu na mimi simo.

19 Januari

Mwalimu alinipa nakala ya Katiba ya 2010, imechakaa, kurasa zimeshikwa kwa pini. Nilikuwa nautafuta ushahidi wa kudai. Kifungu cha 43 nimekipata: kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nikakinakili kwa herufi kubwa.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini nikaendelea kufungua kurasa, nikafika kifungu cha 46, haki za mtumiaji. Anayenunua kitu ana haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nacho, na haki ya kulindwa afya yake. Na kifungu chenyewe kinasema wazi kwamba kinahusu bidhaa za mashirika ya umma na za watu binafsi pia.

Mtu binafsi ni mimi. Kwa miaka mitano nimewauzia watu maji nikijua yanafanya nini, kwa sababu ushahidi ninao mdomoni, na sijawahi kumwambia mteja hata mmoja. Hawakuuliza, ni kweli. Na mimi sikuwaambia.

Nimekaa na ukurasa huo siku tatu kabla ya kuandika haya.

2 Februari

Ilani mpya. Zimebaki sentensi tatu, na kila moja ina “ni” yake:

Sitauza maji ambayo sijui yana nini, na nikijua sitaficha.

Kila mtoto aliye chini ya miaka minane katika nyumba ninazoziuzia nitampatia maji yake ya kunywa, kwa bei ileile.

Kila mwezi nitamwendea muuzaji maji mmoja, nitakaa naye, nitamwomba aandike namba ya maji yake pale wateja wanapoiona.

Mwalimu alizisoma mara mbili. Akaniuliza swali moja tu, kama nimepiga hesabu ya wateja nitakaowapoteza. Nikamwambia bado. Akasema nipige kwanza, kisha niweke sahihi. Nimepiga. Kwa kawaida nauza mitungi 60 hivi kwa siku. Nikibaki na 30 nalipa bomba na kodi ya kibanda, na chakula kinapatikana kwa shida. Chini ya 30 siwezi. Nimeweka sahihi.

8 Februari

Matokeo ya maabara. Nilipeleka maji kwa chupa ya plastiki; waliniambia mapema nisilete kwa chupa ya kioo, maana floraidi hushikana na kioo na kipimo kinapungua. Malipo yalimeza mauzo ya siku tatu.

Namba ni 3.9. Yaani miligramu 3.9 katika lita moja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na cha Kenya ni hichohicho. Nilikuwa nimejitayarisha, lakini kukijua kitu kwa meno na kukiona kimeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri ni mambo mawili.

9 Februari

Nimenunua kopo la lita moja la rangi nyeupe na brashi ya inchi mbili. Ukuta wa mbele wa kibanda ni wa mabati yaliyopakwa buluu. Nimeandika kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja hawajafika:

ILANI. MAJI HAYA YANA FLORAIDI 3.9. KIWANGO NI 1.5. YA KUFUA NA KUOGA NI SAWA. MTOTO CHINI YA MIAKA 8 ASINYWE. KUCHEMSHA HAKUPUNGUZI.

Herufi za chini zimebanana kwa sababu nilianza kubwa mno. Mstari wa mwisho niliona ni lazima, kwa sababu kila mtu ataniambia yeye huchemsha. Ukichemsha unaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini floraidi hubaki yote sufuriani huku maji yakipungua kwa mvuke. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

15 Februari

Wiki ngumu. Jumla ya wiki ni mitungi 221, na wiki kabla ya rangi ilikuwa 418.

Wateja hawajaacha kununua maji. Wamehamia kibanda cha jirani, hatua arobaini kutoka kwangu. Bomba lake na langu linatoka kisima kimoja, naliona linapogawanyika karibu na mti wa mfenesi. Maji ni yaleyale, tofauti ni ukuta. Leo mama mmoja niliyemzoea amepita na mitungi miwili mitupu, akanisalimia vizuri tu, akasema, “Mama Maji, pole, yako yana ugonjwa.” Nikamweleza kwamba ni ya kisima kimoja. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, akaenda zake.

Na kuna waliobaki. Kijana wa mkokoteni ambaye huchukua mitungi kumi kila asubuhi alisimama akasoma ilani yote kwa sauti, neno kwa neno, kidole hewani. Kisha akafungua mdomo akanionyesha meno yake. “Mathe, kwa hivyo si uchafu?” Nikamwambia si uchafu, hata ungepiga mswaki mara kumi kwa siku. Alikuwa anaambiwa tangu shuleni kwamba ni mchafu. Alisimama pale kitambo, mitungi imejaa na inamwagika, wala hakuiona.

3 Machi

Mwenye kisima alikuja mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu aniunganishie bomba. Nilimpa kiti. Hakukaa.

“Mama, unataka kunifungia biashara?”

“Hapana, mzee. Sijaandika jina lako popote. Nimeandika namba ya maji ninayoyauza mimi.”

“Kila mtu anajua yanatoka wapi.”

“Basi namba hiyo wangekuwa wameipata kwako, mzee wangu.”

Sikuinua sauti, na yeye hakuinua. Alasiri bomba likakauka. Nilingoja hadi saa kumi na moja nikidhani ni umeme.

12 Machi

Siku tisa bila bomba. Kijana wa mkokoteni ameniletea maji kutoka mbali, mitungi 20 kwa safari, na kwa bei aliyonifanyia ninajua hakupata faida yoyote. Nimeuza kwa hasara ili kibanda kisifungwe. Daftari la chama chetu cha kuweka na kukopa linaonyesha nimekopa 4,000.

Usiku wa tarehe 9 nilitoa brashi nikaiweka kwenye mafuta ya taa ilainike, nikiwa na nia ya kupaka buluu juu ya maneno yote. Binti yangu aliniuliza tunapaka rangi gani kesho. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nikaikausha brashi nikairudisha.

Leo asubuhi bomba limefunguka. Mwenye kisima hakusema neno, na mimi sikuuliza. Ni tarehe ambayo huwa namlipa. Nikamlipa kwa simu kama kawaida, na ujumbe wa kupokea ukarudi.

28 Machi

Habari ya barua. Nilitaka kujua kama kuna vipimo vya visima vingine vya mtaa huu, kwa sababu ninapomwendea muuzaji mwingine ni afadhali niende na namba kuliko niende na maneno. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ilipitishwa mwaka 2016. Nikaandika barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikapeleka kwenye ofisi inayohusika.

Karani akaisoma juu juu akaniambia nirudi nayo kwa Kiingereza. Nilikuwa nimejipanga kwa hilo. Sheria hiyo, sehemu ya 8, inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na mtu asiyejua kuandika ofisa amsaidie aandikiwe. Sehemu nyingine inasema kuwasilisha ombi hakulipiwi. Nilikuwa na nakala, nimepiga mstari kwa kalamu ya kijani. Akaenda nayo ndani, akakaa, akarudi na muhuri. Muda wa kujibiwa ni siku 21.

Hili ningependa kila anayesoma hapa alijue, hata kama la maji halimhusu. Unaweza kuidai serikali habari kwa lugha unayoiwaza, bila malipo.

20 Aprili

Mvua! Imenyesha mfululizo tangu tarehe 13, na sentensi ya pili ya ilani sasa ina mahali pa kuanzia.

Nilikuwa nimezunguka sana kutafuta maji ya watoto. Niliuliza kuhusu mkaa wa mifupa, ambao Jimbo Katoliki la Nakuru limeushughulikia kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali penye hewa kidogo, ikasagwa, na maji yakipita humo mfupa hushika floraidi. Unafanya kazi kweli. Lakini ukishiba lazima ubadilishwe baada ya miezi kadhaa, na hilo ni gharama, na mteja hawezi kuona kwa macho kama umeshiba. Tena nilipomweleza mama yangu, ambaye bado anaishi mtaa wa Bondeni nilikozaliwa, swali lake la kwanza lilikuwa, “Mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa na nani?” Nusu ya wateja wangu wangeuliza vivyo hivyo, na wana haki ya kuuliza. Sijautupa mkaa wa mifupa. Nimeuweka kando hadi nipate majibu ya kumridhisha mama.

Mvua haina swali. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mwenye ploti aliniruhusu kuweka gata upande mmoja wa paa, kama mita za mraba 40, kwa sharti kwamba gata zikibaki zitakuwa zake. Chama kilinikopesha tangi la lita 2,300. Hesabu ni rahisi na inanifurahisha kila nikiipiga: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 10 kwenye paa langu ni lita 400, ukiondoa yale ya kwanza ambayo lazima yamwagwe, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Leo jioni nimegonga tangi kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu, nikisikiliza sauti ibadilike. Imebadilika juu ya kichwa changu.

4 Mei

Nyumba 19 zenye watoto chini ya miaka minane zimejiandikisha. Kila moja inachukua mtungi mdogo wa lita 10 kila siku tatu, nimefunga utepe wa kijani kwenye mshikio ili usichanganywe na wa kufulia. Wanaambiwa wachemshe, maana ya mvua nayo yana vijidudu. Kwa matumizi hayo tangi likijaa linafika mwezi mmoja na siku chache.

Nyumba isiyoweza kusubiri, nimewafundisha kuchanganya: mitungi miwili ya mvua kwa mmoja wa kisima. Floraidi ya 3.9 inagawanyika kwa tatu, inabaki 1.3, na hiyo iko chini ya kiwango. Baba mmoja fundi wa uashi alielewa kabla sijamaliza. “Ni kama kokoto na saruji,” akasema, na sasa yeye ndiye anawaeleza wengine foleni ikiwa ndefu.

Jibu la barua lilifika siku ya 26. Visima viwili vimepimwa, vyote upande mwingine wa mji. Changu hakimo. Nimeandika tena.

25 Mei

Leo nimesahihishwa, na nashukuru.

Nilikwenda kliniki na mtoto wa dada yangu kwa chanjo. Muuguzi aliona utepe wa kijani kwenye chupa, akauliza. Nilipomweleza mradi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza watoto wangu 19 wana umri gani. Wengi ni wa shule, miaka mitano, sita, saba. Akatikisa kichwa.

Meno ya mbele, yale ambayo mtu huyaficha akicheka, huumbwa ndani ya ufizi mapema sana, zaidi katika miaka mitatu ya kwanza. Mtoto wa miaka saba anachokunywa leo kinaweza kusaidia meno ya nyuma, lakini ya mbele yalishaamuliwa zamani. Wanaohitaji maji yale kuliko wote ni wale wanaoanza uji. Anayenyonya tu yuko salama, kwa sababu maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo mno hata mama akinywa maji kama yetu. Hatari huja miezi sita ikifika, uji unapokorogwa kwa maji ya kisima mara tatu kwa siku. Akaniambia pia niwaulize akina mama kuhusu chai ya rangi na magadi kwenye maharage, vyote vina floraidi yake, na sisi huwapa watoto wadogo vyote viwili.

Nilirudi nikipiga hesabu nyuma. Binti yangu ana miaka saba. Nilianza kuuza maji akiwa na miwili. Nikashuka kwenye matatu kabla ya kituo changu, nikatembea.

Sentensi ya pili ya ilani imeongezwa maneno manne: na wa uji watangulie.

14 Juni

Nimegonga mlango kwa mlango wiki mbili. Nyumba za wa uji ni 11, na mama wajawazito wanne wameandikwa mapema. Nyumba nane za watoto wakubwa nimeziomba zipishe mvua ikipungua. Sita zimekubali bila neno, mbili zimekasirika, na sina la kuwalaumu.

Kuna jambo nimelifanya kwenye daftari. Wangari Maathai alipoanza Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama hawakulipwa kwa mche waliouotesha tu. Walipata kitu kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Mimi nilikuwa nahesabu mitungi niliyotoa. Nimefuta safu hiyo. Sasa nahesabu nyumba ambazo, nikipita bila taarifa, nakuta uji umekorogwa kwa maji ya utepe wa kijani. Mtungi uliotoka kibandani unaweza kuwa umeoshea vyombo. Wiki hii katika nyumba 11 nimekuta saba.

Katika nyumba ya nane bibi alikuwa amempa mjukuu maji ya kisima kwa sababu ya mvua “hayana ladha”. Ni kweli, hayana. Tulikaa, tukanywa kikombe kimoja kimoja cha kila aina, mimi na yeye, tukilinganisha. Alipocheka nikaona meno yake, na yeye akaona yangu.

9 Agosti

Sentensi ya tatu, ambayo nimeikwepa kuandika kwa sababu ndiyo inayokwenda polepole.

Wauzaji watano nimewaendea tangu Machi. Wa kwanza alinifukuza. Wa pili alisema atafikiria. Wa tatu yuko kwenye kisima kingine, alikubali kupima tukagawana gharama, ikatoka 1.2, na ameandika kubwa kuliko nilivyoandika mimi. Sasa wateja wa upande ule wanauliza vibanda vingine, “Yako ni ngapi?” Hilo swali sikuwahi kulisikia Kaptembwo. Wa nne amehama.

Wa tano ni jirani yangu wa hatua arobaini. Nilimwendea wa mwisho kwa sababu nilikuwa na uchungu naye, na haukuwa uchungu wa haki. Hakunifanyia chochote, watu walihama kwa miguu yao. Nilikaa naye Jumapili mbili. Ya kwanza tuliongea ada za shule. Ya pili nikamwomba. Akanyamaza sana, akisokota kitambaa cha kufutia mifereji.

“Nikiandika mimi na wewe,” akasema, “wataenda kwa nani?”

Nikamwambia sijui. Mauzo yangu yamerudi hadi 47 kwa siku, na nilimwonyesha daftari, pamoja na zile wiki mbaya za Februari na Machi. Alizisoma moja baada ya nyingine. Akaniuliza deni la chama limebaki kiasi gani. 1,500, nikamwambia, na la tangi.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi amekuja na ngazi yake. Ameniomba nimshikie kopo, herufi ataandika mwenyewe. Ameanza ndogo, akijua nilikokosea, na 3.9 imetoshea vizuri juu ya dirisha lake.

Barua ya pili haijajibiwa. Tangi liko kwenye kiuno. Rangi nyeupe imebaki robo kopo, na kutoka hapa hadi barabara ya lami kuna vibanda vingine tisa.